Fundi Asiyekimbilia Bisibisi

Stiki ya TV ikigoma kuwaka, mwenye nayo huwa ameshakata shauri kabla hajafika kwa fundi. "Imeungua," anasema, na mkono mmoja tayari unapapasa pochi. Fundi anayeijua kazi yake habishani naye. Anaipokea, anaigeuza kulitazama tundu la umeme kwenye mwanga, kisha anaanza kuuliza. Ilizimika yenyewe watu wakiwa wanaangalia, au mliizima usiku ikagoma asubuhi? Umeme ulikatika siku hiyo? Kulikuwa na radi? Mmebadilisha TV, mmehama chumba, mmenunua waya mpya? Kile kitaa chake kidogo kinawaka au hakiwaki kabisa? Mlikuwa mnaichomeka ukutani au nyuma ya TV?

Mtu anaweza kudhani ni maneno ya kupitisha muda. Mimi nimekaa sana kwenye benchi la fundi mmoja karibu na soko la Majengo, Dodoma, na nimeshawishika kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake imo kwenye maswali hayo. Stiki iliyokufa ghafla jioni ya radi ina sababu zake. Iliyokuwa inawaka na kuzima kwa wiki nzima kabla ya kunyamaza ina sababu nyingine. Iliyogoma siku ileile TV ilipohamishiwa chumba kingine pengine haina ugonjwa wowote. Kwa majibu matano au sita fundi anakuwa ameshapunguza nusu ya mambo ambayo angeyatafuta kwa saa mbili, na hajagusa bisibisi.

Asubuhi moja alifika mama mmoja mtu mzima, stiki ameifunga kwenye pembe ya khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii kitu haiwaki. Wajukuu wamenisumbua mpaka basi."

"Pole sana mama. Waya wake umekuja nao?"

"Waya uko nyumbani."

"Na kile kichwa chake cha kuchomeka ukutani?"

"Kilipotea siku nyingi. Tunachomeka hapo hapo kwenye TV."

Fundi alimrudishia stiki yake. Akamwomba, kwa heshima yote, arudi na waya. Mama hakufurahi, na watu wawili waliokuwa wakisubiri walitazamana. Lakini fundi alikuwa na haki, kwa sababu stiki bila waya wake ni nusu ya kifaa, na ile nusu iliyobaki nyumbani ndiyo aliyokuwa anaishuku.

Hesabu yake iko hivi. Stiki nyingi za kawaida zimetengenezwa zipate volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Zile za picha kali zaidi zinataka kupita hapo. Tundu la USB la nyuma ya TV, kama ni la aina ya zamani, kwa kanuni linatoa ampea 0.5 tu, wati 2.5. Kuna nyakati nusu hiyo inatosha, kwa sababu stiki ikishatulia haili umeme mwingi. Inapoamka ndipo inapokuwa na njaa: chipu kuu inazinduka, kumbukumbu inasomwa, redio ya Wi-Fi inatafuta mtandao, na vyote hivyo vinaomba umeme ndani ya sekunde zilezile. Volti zinaporomoka, chipu inajilinda kwa kuzima na kuanza upya, logo inatokea, inapotea, inatokea tena. Mwenye nyumba anaona kifaa kilichoharibika, kumbe kimenyimwa chakula.

Waya nao una mambo yake. Waya wa mita 2 wenye shaba nyembamba ya namba 28, kama zilivyo nyingi zinazouzwa barabarani, una ukinzani wa karibu omu 0.85 ukihesabu kwenda na kurudi. Pitisha ampea 1 humo, na zile volti 5 zilizotoka kwenye adapta zinafika kwenye stiki zikiwa takribani 4.15. Waya huohuo unachaji simu vizuri tu, taratibu, kwa sababu simu ina betri na inaweza kuvumilia. Stiki haina betri. Ndiyo maana maneno ya mteja kwamba "waya ni mzima, tunachajia simu" hayamtoshi fundi huyu, na sioni kwa nini yamtoshe.

Kazi hii haikuanza na stiki, na subira hii ina wakubwa wake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo mafundi wengi wa kizazi cha kwanza cha TV huku kwetu walikuwa mafundi wa redio, watu waliozoea kutafuta transista moja iliyochoka kati ya nyingi kwa kusikiliza mahali sauti inapokatikia. Wakaingia kwenye TV za kichogo, ambamo bomba la picha linaweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Humo haraka ilikuwa inaua. Kisha tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazimiwa mitambo ya analojia, Dodoma ikafuata mwanzoni mwa 2013, na benchi za mafundi zikajaa ving'amuzi. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni ya Google ilitoa Chromecast, na 2014 Amazon ikatoa Fire TV Stick, vifaa vya kukaa kiganjani vinavyoleta video za intaneti kwenye TV. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na watumishi wakaanza kujaa Ilazo, Kisasa na Nzuguni na TV zao bapa na vifurushi vya intaneti, stiki nazo zikaja. Nyingine zililetwa na ndugu walio Marekani, zikiwa na vichwa vya pini mbili bapa ambavyo hapa, kwenye soketi zetu za matundu matatu, vinasimama juu ya kigeuzi kilicholegea kinachocheza kila mlango unapofungwa. Fundi ameona vichwa hivyo vingi. Akikishika anakitikisa kwanza, anasikiliza.

Mama alirudi mchana na waya. Sasa ndipo ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Juu ya benchi kuna kifaa kidogo cha kupimia USB, chenye kioo kinachoonyesha volti upande mmoja na ampea upande mwingine. Fundi anakiweka kati ya adapta yake, ambayo anaiamini, na waya wa mteja. Anachomeka stiki. Haiunganishi na TV yoyote. Anaangalia namba, na kwa muda wote huo hasemi na mtu.

Anasoma kitu gani? Ampea zikibaki sifuri kabisa, umeme haujaingia: waya umekatika ndani, au tundu la stiki limeng'oka kwenye saketi. Zikiruka juu sana papo hapo na volti zikaanguka, kuna shoti, na anachomoa haraka kabla kitu hakijapata moto. Zikikaa chini, tuseme 0.05, bila kutikisika, umeme umefika lakini chipu kuu haijaamka. Huo ni ugonjwa wa ndani na mara nyingi si mzuri. Zikipanda, zikashuka, zikapanda tena kwa mwendo uleule, stiki inaanza na kuanguka, inaanza na kuanguka. Na zikipanda mpaka 0.4 au 0.5, kisha zikawa zinacheza juu chini bila mpangilio, stiki iko hai na inafanya kazi zake zote. Hapo shida iko kwenye njia ya picha: tundu la HDMI, kiunganishi, au TV yenyewe iliyowekwa kwenye HDMI 2 wakati stiki iko kwenye HDMI 1.

Ni namba mbili tu kwenye kioo kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, lakini kwa anayejua kuzisoma zinaeleza hali ya kifaa kizima kabla hakijafunguliwa. Niliwahi kumuuliza fundi alijifunzia wapi. Akasema kwa kuzitazama zile zilizo nzima. Kila stiki iliyopona mikononi mwake aliichomeka tena kwenye kipimo hicho aone inavyopanda inapokuwa na afya, mpaka akaujua mwendo wake. Jibu hilo nililiona kubwa. Wengi wetu tunachunguza kitu kikiharibika tu; yeye alitumia muda wake, ambao hakuna aliyemlipa, kuchunguza uzima.

Ya mama ilipanda mpaka 0.3, ikazima. Ikapanda tena, ikazima tena. Fundi alibadilisha waya peke yake, akaacha vingine vyote kama vilivyo. Ilipanda, ikapita 0.3, ikafika 0.5, ikaanza kucheza. Akarudisha waya wa zamani: ikaanguka. Akaweka mpya tena: ikasimama. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu kurudi nyuma kuhakikisha kwamba kweli ni hicho, ni nidhamu ambayo nimeikuta kwa watu wachache, wakiwemo wachache sana wenye vyeti. Fundi wa haraka angebadilisha waya, adapta na TV kwa pamoja, kifaa kikawaka, na asijue kamwe kilichokuwa kimekizuia.

Kabla ya kufungua kuna mambo ya nchi yetu ya kuangalia. Dodoma iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake zinakuja kati ya Desemba na Aprili basi. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Vumbi lile jekundu linaingia kwenye tundu dogo la stiki, linashindiliwa kila waya unapochomekwa, mpaka pini zinagusana kwa shida. Fundi ana mswaki uliokatwa nywele fupi, ana spiriti, na ana kipulizio cha mpira. Analitazama tundu kwa lenzi, anasugua kidogo, anapuliza, anatazama tena. Kwenye ukavu huo mwili nao unajaza umeme tuli, kwa hiyo anagusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi ndipo ashike saketi. Na joto: Oktoba na Novemba, stiki iliyobanwa kati ya ukuta na TV, ukuta wenyewe unapigwa na jua la mchana, inaweza kuzima kwa kujilinda na kukataa kuwaka mpaka ipoe. Stiki ya namna hiyo ikifika kwa fundi huwa imeshapoa njiani, inawaka vizuri, na mteja anaona aibu. Fundi hamcheki. Anamuuliza TV imekaa upande gani wa chumba.

Ikibidi kufungua, anafungua. Ganda la stiki halina skrubu, limeshikana kwa vishikizo vya plastiki, na anapita pembeni kwa kipande chembamba cha plastiki akivifungua kimoja kimoja. Ndani kuna ubao usiozidi urefu wa kidole, umefunikwa kwa vifuniko vya bati vinavyozuia mawimbi. Chini ya bati kuna kapasita ndogo kama punje za ulezi, nyingi, zimepangwa kuizunguka chipu. Moja ikipasuka ndani na kupiga shoti, kifaa chote kinalala, na kwa macho zote zinafanana.

Namna ya kuitafuta ni hii. Fundi anayeyusha rozini kwa ncha ya kisu cha kuchomelea na kuuacha moshi wake utue juu ya kapasita zote, mpaka zinavaa utando mweupe kama umande uliogandamana. Kisha kutoka kwenye pawa saplai anaingiza umeme mdogo sana, volti 1 tu, kwenye njia yenye shoti. Umeme wote unakimbilia palipo na shoti, na hapo panapata joto. Anainamisha lenzi. Sekunde moja, mbili, na kati ya punje zote nyeupe, moja inageuka ya kung'aa: rozini imeyeyuka juu yake na kuwa kama maji. Hiyo hapo. Nimeona watu wazima waliosimama kusubiri simu zao wakisahau simu na kuja kuinama pamoja naye. Anaipuliza hewa ya moto, anaiinua kwa koleo, anapima tena kwa multimita, na shoti imeondoka. Mara nyingi kifaa kinawaka bila hata kuwekewa nyingine, kwa kuwa kapasita hizo husaidiana, lakini yeye anatafuta ya kufanana kwenye ubao wa stiki iliyokufa na kuirudisha mahali pake. Anasema hapendi kuacha pengo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao dawa yake ni kukaa. Stiki ikiwa inajiapdeti na umeme ukakatika katikati, baadhi ya stiki zikirudishiwa umeme zinaganda kwenye logo, na kila mwenye nyumba anayechomoa na kuchomeka kila baada ya dakika mbili anaikatiza tena ikijaribu kujitengeneza. Fundi anaichomeka kwenye adapta yake, anaiweka pembeni ya benchi, anaendelea na kazi nyingine. Nusu saa, hata zaidi. Zipo zinazoamka. Zile zisizoamka anazijaribu kwa rimoti, kwa kushikilia vitufe vya kuriseti, na mwisho kabisa, kwa zile zinazokubali, anaziflashi kutoka kwenye kompyuta. Nasema mwisho kabisa kwa makusudi, kwa sababu mjini wapo wanaoanza hapo, na nadhani wanafanya vibaya. Kuflashi kifaa ambacho tatizo lake lilikuwa waya ni kukiingiza kwenye hatari bila sababu, na kumfutia mtu vitu vyake bure.

Mwezi Machi 2025 dunia nzima ilipata ushahidi wa jambo hili. Chromecast za toleo la pili zilikataa kufanya kazi kila mahali kwa wakati mmoja, zikidaiwa na simu kuwa si vifaa vya kuaminika. Hakuna kilichoungua. Cheti cha kidijitali kilichokuwa ndani yake, cha kuthibitisha kwamba kifaa ni halali, kilikuwa kimefikia mwisho wa muda wake. Google iliwaomba watu wasiviriseti, wasubiri marekebisho, na baada ya siku chache marekebisho yakaja kupitia intaneti. Waliokuwa wameshariseti ndio waliobaki na shida zaidi. Fundi wa Majengo ana kanuni yake inayofaa hapo: stiki mbili za aina moja zikiletwa na watu wasiojuana, na ugonjwa ni mmoja, anaziweka zote chini na kwenda kuuliza wenzake nini kimetokea huko nje.

Sasa niseme linaloniuma. Yule mama alilipia waya mpya na hela ndogo ya kucheki, na alipoondoka mmoja wa waliokuwa wakisubiri alisema fundi hakufanya kitu, ameuza waya tu. Hivyo ndivyo tunavyolipa: kwa kipuri kilichowekwa, kwa bati lililofunguliwa, kwa moshi tuliouona. Anayegundua kwamba kifaa chako ni kizima na kukirudisha bila kukigusa anapata kidogo kuliko anayekifungua, akakikwangua na kukutoza kipuri ambacho hukukihitaji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, na ni jambo jema, lakini cheti hakiwezi kumshawishi mteja kulipia akili ya kujua pa kuishia. Hilo ni letu sisi tunaokaa upande wa pili wa meza. Mimi huwa nalipa hela ya kucheki kama nalipia matengenezo, na ninawasihi wengine wafanye hivyo.

Zipo zinazoshindikana. Kumbukumbu ya ndani ina kikomo cha kuandikwa na kufutwa, na stiki iliyofanya kazi miaka mingi ikijiapdeti na kujazwa programu inaweza kufika mwisho wake: ampea zinakaa palepale 0.05, kuriseti hakusaidii, kompyuta haiioni. Fundi anamwonyesha mteja namba kwenye kioo, anachomeka nzima pembeni ili alinganishe mwenyewe, kisha anasema hapana. Hatozi kitu zaidi ya hela ya kucheki. Anamuuliza kama angependa kuiacha kwa ajili ya vipuri, na akikubali anaandika tarehe na ugonjwa kwenye kipande cha karatasi, anaifungia kwa mpira na kuiweka kwenye kopo la zile za kutolea kapasita.

"Adapta yako ni nzima kaka," anamwambia. "Rudi nayo. Ukinunua stiki nyingine, tumia hiyo, waya uwe mfupi, na uichomeke ukutani."